Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Huko kazini wanasema nilimfungia meneja kwenye chumba cha kugandishia nyama.

Uongo. Alijifungia mwenyewe.

Mimi kosa langu ni moja tu: sikufungua.

Subirini, msinihukumu kwanza.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala la nyama pamoja na wifi yangu, mke wa kaka. Mimi napakia, yeye anapanga mle ndani. Kile chumba kina baridi ya kukugandisha mate mdomoni, na kitasa cha ndani kilikuwa kimekufa siku nyingi. Ukiingia, lazima mlango uuwekee kreti usijifunge.

Tulilalamika mpaka midomo ikachoka.

Siku moja mtu akaondoa kreti bila kuchungulia. Mlango ukajifunga, wifi yumo.

Tulipokuja kumtoa alikuwa hatetemeki tena. Nilijua tumempoteza.

Alipona, ila vidole vyake vya mkono wa kulia havikurudi. Anashika kikombe, kinamponyoka. Mwanawe anamletea shati amfunge vifungo, wanabaki kuangaliana.

Aliporudi kazini, meneja akamwita ofisini. Nikaenda naye. Huyu meneja tulimbatiza Ushahidi, maana hata ukimwambia nje kuna mvua anataka akuone umelowa.

"Haya, eleza," akasema, anajipepea na faili. "Mle ndani ulijisikiaje?"

Wifi akafungua mdomo. Akaufunga.

"Baridi," akasema mwishowe.

"Baridi!" Ushahidi akacheka. "Mama, chumba cha baridi kina baridi, hiyo nayo ni habari? Wenzako si wanaingia na kutoka? Mlango unafunguka, nyie tu hamjui kuusukuma. Sema ukweli, usingizi ulikupitia."

Jamani!

Damu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Wifi kainamisha kichwa, anavipapasa vile vidole kama vya mtu mwingine.

"Bosi," nikasema, "twende ukausukume wewe."

"Tena sasa hivi! Nimechoka na maneno yenu."

Akatangulia na shati lake la mikono mifupi. Akapiga kreti teke, akaingia, akauvuta mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Ko!

Tukasikia kitasa kinazungushwa. Kikazungushwa tena, haraka haraka.

"Fungua," ikaja sauti, bado ya kibosi. "Nimeshaona. Fungua."

Nikaegemea ukuta, nikakunja mikono.

"Si ulisema unafunguka, bosi? Sukuma!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Raha niliyoisikia pale, acha tu.

Akaanza kugonga. Kwanza kwa ngumi. Kisha kwa viganja, pa pa pa, kama mtu anayezama anavyoyapiga maji. Ubosi wote ukamwisha.

"Dada, nakuomba. Dada!"

Nikasema kimoyomoyo: bado.

Mara nikasukumwa bega nikayumba. Nilidhani mlinzi.

Wifi!

Yuko kwenye komeo. Vidole havishiki, analipiga kwa kiwiko, analipiga kwa bega, analia kwa hasira, mpaka likafyatuka.

Ushahidi akatoka kwa magoti, midomo ya kijivu. Wifi akavua koti lake la kazi, akamfunika.

Mimi nikawaka. "Wifi, una wazimu? Huyu si ndiye aliyekuita muongo?"

Akanigeukia. Tangu aolewe kwetu sijawahi kuyaona macho yale.

"Unacheka nini? Unakijua kilichomo mle?"

"Nakijua, wifi, mimi ndiye niliyekutoa..."

"Hukijui! Asubuhi unaniambia 'nakuelewa', jioni 'nakuelewa'. Ungekuwa unanielewa ungemsikia mtu anagonga vile ukakunja mikono?"

Nikakosa pa kuficha uso. Kati ya watu wote pale, waliokijua kile chumba walikuwa wawili tu, na mimi sikuwamo.

Kabla ya jua kuzama fundi alishakuja, kitasa kipya kikafungwa. Kumbe iliwezekana siku zote!

Mimi nikafukuzwa. Na msidhani Ushahidi aliomba radhi. Wapi! Hata koti la wifi alilirudisha kwa kumtuma mlinzi.

Hasira yangu kwake ninayo mpaka leo, na siioni ikiondoka. Lakini inayonichoma zaidi ni ile "bado" niliyoisema moyoni. Wifi hajaisikia, wala sijui nitamwambiaje.

Ndugu msomaji, yako mambo hayasimuliki, yanampata mtu tu. Ukimkuta mwenzako kashindwa kuyasema, usimdai maneno, na wala usimjazie ya kwako. Na ukisikia mtu anagonga, hata kama ni adui yako wa kufa, fungua kwanza. Mtagombana nje, kwenye jua.