Kesi ya Kipepeo na Dundu

Mlinzi wa msitu yule walimwita Macho Manne, ingawa hakuvaa miwani. Hakumwamini mtu. Hata chai ya ofisini aliinusa kwanza. Magogo waliyonyang'anywa wakata miti haramu yalipaswa kulala stoo kusubiri kesi, lakini yeye wapi! "Stoo ina funguo tatu," alisema. "Mimi ninao mmoja." Akayahamishia kwake, akayaegemeza kwenye mti wa uani, ayaone kutoka dirishani.

Mti huo aliupanda marehemu mkewe. Picha hakuacha hata moja. Aliacha mti tu. Sasa ulikuwa unakauka, na Macho Manne usingizi ukamhama.

Alianza kumshuku kipepeo. Kila asubuhi alitoka msituni na mbawa zake za buluu, akatua juu ya majani kama mwenye nyumba. Viwavi wake walitoboa majani mchana kweupe, bila haya. Macho Manne akapanda ngazi, akawaokota mmoja mmoja, akajaza kopo. Majani yakazidi kudondoka.

Basi akamgeukia mkaza mwanawe, aliyefulia hapo uani.

"Mwanangu, maji ya sabuni unamwaga wapi?"

"Mtaroni, baba, kama siku zote."

"Haya, tutaona."

Akaweka kiti mlangoni, akamchunga wiki nzima. Binti wa watu akavumilia mpaka yakamfika shingoni. Akachukua kisu cha jikoni, akabandua kipande cha gome la mti.

"Baba, hebu njoo uchunge na huku."

Chini ya gome mlijaa vijia na ungaunga, na ndani yake dundu weusi, wadogo kuliko punje ya mchele. Macho Manne aliwajua. Kipepeo hula jani, na jani huota tena. Dundu wa magome hajionyeshi. Hula pale mti unapopitishia chakula chake, na ukija kumwona, mti umeshakwisha.

"Hawa wametoka wapi?" akauliza kwa ukali.

Mkwe akayageukia magogo. Akabandua gome la gogo la juu kabisa. Vijia vilevile, dundu walewale. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ni nani aliyekitia humo. Kila gogo lilikuwa na namba na tarehe kwa chaki, mwandiko wa Macho Manne mwenyewe.

Akakaa chini palepale kwenye unga. Alimwomba mkwe msamaha, akasamehewa. Mti hakujua auombeje.