Siku Mtambo Uliponyamaza

Machimboni walimwita Bwana Kimya, ingawa hakuwa bubu. Alikuwa na kigugumizi, tena kigugumizi hasa, na kila mtu alikuwa na haraka ya kummalizia maneno yake. Ndiyo maana aliupenda mtambo wa kusaga kokoto. Ukinguruma hakuna anayesikia lolote, watu wote husema kwa mikono, na kwa mikono yeye alikuwa msemaji hodari.

Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya mdomo wa mtambo. Ndani mna mataya mawili ya chuma: moja limetulia tuli, jingine linasukumwa na gurudumu zito, linakwenda na kurudi. Jiwe linabanwa, linapasuka, linateremka, linabanwa tena, mpaka lipenye mwanya wa chini na kuangukia mkanda. Kando ya mkanda alisimama mchambuaji, dada mmoja mcheshi, akiokota mizizi na madongo. Ngumi juu, simamisha mawe. Kiganja wazi, endelea. Kusugua tumbo, njaa inauma. Mwaka mzima waliongea hivyo, hata wakabuni ishara yao ya kumteta msimamizi.

Alimpenda, hilo halina mjadala. Lakini kengele ya mapumziko ikilia tu, hutoweka. Aliogopa dada yule akimsikia atacheka, kama walivyocheka wengine tangu darasa la kwanza.

Mchana mmoja jiwe refu likakwama kati ya mataya. Akazima umeme, akafunga swichi kwa kufuli, kimya kikatanda. Mchambuaji akapanda kumsaidia. Wakalifunga mnyororo, wakavuta, jiwe likatoka na kulala miguuni pao.

"Kaka, mbona ukinisikia unakimbia? Nimekukosea nini?"

Hakuwa na pa kukimbilia. Mikono yake ikainuka kujibu, dada akaishika.

"Hii naijua. Sauti yako ndiyo siijui."

"Si-si-si..." Jasho likamtoka. Akangoja amaliziwe neno, kama kawaida. Dada hakulimalizia wala hakucheka. Alimtazama tu, kama mtu asiye na safari.

"Si-sijakosewa," akasema. Akaona heri ajitose. "Na-na-na..."

"Nyie huko juu!" msimamizi akapiga kelele kutoka chini. "Jiwe limetoka?"

Dada hakugeuka, wala hakuiachia ile mikono.

"Bado, bosi!" akajibu. "Tupe muda kidogo."