Chumba Kisichoingia Manukato

Utotoni kwangu, mtu akivunjika mfupa alifichwa asinuse manukato. Wakubwa wetu waliamini kwamba harufu nzuri humwingia majeruhi na kuyaamsha maumivu upya. Na hapa Maskati, ambako mgeni haondoki bila kufukizwa udi, kumwepusha mtu na manukato ni kumwepusha na watu.

Niliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwetu Ansab, mkesha wa Idi, nikavunjika mkono. Hospitali wakanifunga mkono plasta. Bibi, mama yake mama, akanivika shingoni kifurushi cha mvuje, utomvu unaonuka vibaya, ili kuzuia harufu nzuri, na kunilaza chumba cha nyuma. Nilinuka mpaka paka akanikimbia.

Siku ya Idi nyumba ilijaa. Niliwasikia binamu zangu wakigombania halua, nami nimelala naangalia kiyoyozi. Upweke ule sijausahau. Watu wako ukuta wa pili, wanacheka, na hapana hata mmoja wa kuniuliza hali.

Mchana mkono ukaanza kuniuma kuliko hata nilipoanguka. Nikalia. Bibi akaja mbio, na mama nyuma yake, udi umemjaa mpaka kwenye nywele.

"Usiingie, mwanangu," Bibi alimzuia mlangoni. "Manukato yenu ndiyo yanayomliza. Utamzidishia."

"Nnamsikia analia, mama. Wacha nimwone."

"Si nimekwambia usiingie!"

Mama hakuwahi kumpinga mama yake mbele yetu. Siku ile aliingia. Akanishika vidole, akakuta vimevimba, vya baridi, havina rangi. Akanibeba hivyo hivyo mpaka garini. Mkono ulikuwa umevimba ndani ya plasta na plasta inaubana. Walipoikata, daktari alisema tungechelewa zaidi ningeweza kuupoteza.

Bibi aliamini mpaka anafariki kwamba ulikuwa udi. Simcheki, alinilinda kwa alichokijua. Lakini maumivu mapya yanapozidi badala ya kupungua, huwa yana habari, na yanataka mtu wa karibu ayasikilize.

Juzi nimepasuliwa goti. Binamu yangu aliyeko Kanada akanipigia, akasema kwao madaktari wengine huwaandikia wagonjwa dawa ya bangi. Nikamuuliza daktari wangu. Akatikisa kichwa: hapa ni marufuku, na hata huko, kwa maumivu ya siku chache kama haya, haijathibitika kwamba inasaidia sana. Niweke barafu, niinue mguu, nimeze vidonge kwa saa zake, nijinyooshe kidogo kidogo. Yakizidi, nirudi.

Nafuata yote. Mama ameshatangulia mbele ya haki, wanangu wako Ulaya. Barafu naiweka mwenyewe, naitoa mwenyewe. Kila asubuhi nalitazama goti, nalibonyeza, nasema kwa sauti, "Leo afadhali kidogo." Kisha nangoja, kama mjinga, mtu aseme alhamdulillahi.