Barua Niliyoimulika Ukutani

Nilikuwa nikifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Mbweni. Wanafunzi wote walitumia seva moja, kila mtu na akaunti yake. Nilikwishasoma kwamba kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ina kasoro: ikikugawia sehemu ya kumbukumbu iliyotumiwa na mwingine, haiifuti kwanza. Sasisho la kuirekebisha lilikuwa tayari. Nililiacha makusudi, nipate cha kuwaonyesha.

Siku ya somo niliingia kwa akaunti ya kawaida, nikaendesha programu fupi, projekta ikimulika ukutani. Zikatoka herufi na tarakimu zisizo na maana. Kisha yakaja maneno.

"Mama mdogo, nshaachwa. Mama usimwambie, mwache na mwani wake, kwanza nimalize mtihani."

Darasani alikuwemo binti mmoja tu wa Jambiani, kijiji cha pwani, na mama yake akilima mwani. Alikaa safu ya mbele. Barua ile alikuwa ndiyo kwanza ameifunga kwenye kompyuta yake. Nilimwona akiondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka mapajani. Mtu wa nyuma akacheka, wengine wakamfuata. Ningeweza kuzima. Lakini jaribio lilikuwa limefaulu kuliko nilivyotarajia, na nilikuwa nimelewa ufundi wangu. Nikawaonyesha kwa kijiti neno "nshaachwa", nikawaambia watazame, hata barua iliyofungwa bado imo. Nikaiendesha programu tena. Ikaja sababu ya kuachwa: miaka minne hajazaa.

Hakulia. Alikaa mpaka kipindi kikaisha.

Kabla ya alasiri mtu alikwishapiga simu Jambiani. Mama yake alipewa habari na jirani, akiwa ndani ya maji, akifunga mwani kwenye kamba, mbele ya wanawake wenzake.

Kesho yake yule binti alikuja ofisini kwangu kurudisha kitabu cha chuo. Siku zote aliniamkia shikamoo. Siku ile alikiweka kitabu mezani tu.

"Mwalimu, ulijua ni yangu?"

"Nilijua."

"Na mara ya pili?"

Nikamwambia nilitaka waelewe.

"Wameelewa," akasema, akatoka.

Mchana ule nililiweka sasisho. Halikuchukua hata robo saa. Yeye mtihani hakuja kuufanya. Wenzake wote walilijibu sawasawa swali la kerneli, na mkuu wa chuo akanipongeza kwa kufundisha vizuri. Nikamshukuru.