Pole kwa Mfereji wa Roma

Likizo moja huko Ulaya, sisi wanafunzi watatu tulibeba mabegi mgongoni mpaka Roma: Mwingereza mmoja, mimi wa Same, na rafiki yangu wa Mhezi. Sisi Wapare wawili tulikuwa tukisomea uhandisi wa maji, tukitumaini kazi nyumbani.

Nje ya mji tukauona mfereji wao wa kale. Haupiti chini; umebebwa juu ya matao ya mawe, marefu kuliko mnara wa kanisa, tao baada ya tao mpaka jicho linachoka. Nilisahau njaa. Mwenzangu wa Mhezi alivua kofia, akaweka kiganja kwenye jiwe kama anayepima homa ya mtoto.

"Aisee, hawa walikuwa watu." Kisha akamgeukia mlinzi: "Excuse me, mzee, nani huzoa tope?"

"Nobody," akajibu mlinzi. Maji yalikatika karne nyingi zilizopita.

Kwetu Upareni mfereji ukiziba, baragumu hulia, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Mwenzangu aliondoa mkono taratibu. "Pole sana," akaliambia tao, kwa sauti ya msibani. Mwingereza wetu alicheka. Mimi sikuweza.

Juzi hapa Same, mzungu wa mradi wa maji aliniuliza kwa nini anipe kazi. "Umewahi kuona mfereji wa kweli, a proper one?"

"Nimeuona Roma, bwana. Ni wa ajabu, ila umekauka. Wa Mhezi una maji."

Kazi kapewa mwingine, ambaye hajafika Roma wala Mhezi, kwa hiyo hana la kubisha.