Singo ya Ijumaa na Alama za Nyonga

Alhamisi ile Mama alirudi kutoka hospitali na alama tatu za wino kwenye nyonga, kama zile za kujumlisha. Saratani ilianzia titini, ikaingia mfupani, na maumivu yalimliza hata akijigeuza kitandani. Mtaalamu wa mionzi alinieleza taratibu: mionzi haitamponya, ila inaweza kumpunguzia maumivu. Angepigwa Jumatatu, mara moja tu, hapo palipochorwa.

"Aoge, lakini hapo pasisuguliwe."

Nikaitikia kwa kichwa kama mara mia saba. Nyumbani Manzese nikatangaza hadi kwa kuku. Niliyemsahau ni shangazi.

Shangazi huja kutoka Kipawa kila Ijumaa kumwogesha wifi yake. Siku hiyo alileta bakuli la singo, ile wanayosuguliwa mabibi harusi. Narudi kutoka sokoni, nyumba inanukia. Nadhani hata stendi ya Mbezi Luis abiria waligeuza shingo. Mama anang'aa. Nyongani hakuna hata nukta.

"Shangazi, zile alama?"

"Ule wino? Wamemchora mtu kama gunia la mchele! Nimeutoa wote, mkono wenyewe unaniuma."

Nikaona mionzi inakosa mfupa, inapiga figo. Nikachukua kalamu. Si nimemaliza kidato cha nne mie, masomo ya jioni, jiometri nimeisoma huku nasinzia! Nikapiga magoti kando ya kitanda.

Mama akanitazama. "Mwanangu, hesabu ulipata ngapi?"

"Mama, jamani."

"Ngapi?"

"D."

"Weka kalamu."

Siku tatu hakuna aliyekula akashiba. Shangazi alipiga simu kila saa: "Nimemuua wifi yangu?" Jumatatu asubuhi nikamweleza mtaalamu ukweli, shangazi kang'ang'ania gauni langu kwa nyuma.

"Hamjachora wenyewe?"

"Hatujachora."

"Afadhali."

Akampima upya, akachora upya. Tulingoja hadi adhuhuri, mionzi ikapigwa.

Siku mbili maumivu yakazidi. Tulionywa kwamba inaweza kutokea, lakini shangazi hakuweza kunitazama usoni.

Ijumaa ya pili baada ya hapo alikuja mikono mitupu. Akamwogesha Mama kwa maji tu, nyonga kaikalia mbali kama jiko la mkaa. Mara Mama akajigeuza mwenyewe, ubavu wa kushoto, bila hata kuguna. Shangazi akabaki kashika kata ya maji hewani.

"Wifi, umegeuka?"

"Nimegeuka. Singo yangu iko wapi?"