Trela Lisipate Kwikwi

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme yenye ncha kama sindano, akanipeleka kwenye pikapu ambayo dashibodi yake ilikuwa imefunguliwa. Akasema, "Nasikia wewe ni fundi umeme. Nionyeshe waya usio na umeme mpaka nikanyage breki."

Nilikuwa na darasa la saba na miezi michache ya kujifunza kwenye gereji moja ya Viwanja Sitini, hapa hapa Ifakara. Nilichoma waya wa kwanza, taa ikawaka kabla hajakanyaga. Nilichoma wa pili, kimya. Akakanyaga, ikawaka.

"Huo hapo," akasema. "Nyingine zote unaweza kuzisahau."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye shamba la mpunga ambako nilifanya kazi mpaka nilipostaafu. Ninyi mafundi vijana mnaniuliza mara kwa mara juu ya boksi la breki za trela, na kila nikianza kueleza huwa naishia kumtaja dereva Luka. Luka tumemzika mwaka huu, kwao, nyuma ya Mahenge. Basi acheni nieleze vyote viwili kwa pamoja, maana mimi sijui kuvitenganisha.

Trela zito halisimamishwi na breki za gari peke yake. Gari likipunguza mwendo, trela lenyewe halina habari, linaendelea kusukuma kutoka nyuma, na kwenye mteremko wenye tope litakugeuza ubavu. Matrela yetu yalikuja na breki za umeme: ndani ya ngoma ya kila gurudumu kuna sumaku, na sumaku ikipata umeme huvuta mkono unaosukuma viatu vya breki. Umeme mwingi, breki kali. Umeme kidogo, breki laini. Anayeamua ni kiboksi kinachofungwa chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva. Kina kitufe cha kuzungusha cha kupimia ukali, na kiwiko kidogo cha kufunga breki za trela peke yake bila kugusa pedali.

Boksi lina nyaya nne. Mweusi unatoka kwenye betri kupitia fyuzi. Mweupe ni wa ethi, wa kurudisha umeme, nao upelekeni kwenye betri yenyewe. Msiufunge kwenye bolti ya bodi, kwa sababu bonde letu lina maji nusu mwaka na bolti ya bodi ni kutu tupu. Wa bluu unakwenda nyuma kwenye soketi ya trela, nao uwe mnene. Mwekundu ndio ule wa siku yangu ya kwanza, unaotoka kwenye swichi ya pedali. Swichi hiyo ina pande mbili, na upande mmoja una umeme muda wote. Ukiunga huko, trela litafunga breki safari nzima na dereva atadhani gari limechoka. Fundi mmoja wa kupita aliwahi kutufungia hivyo. Pikapu ilirudi kutoka upande wa Mngeta ngoma zikitoa moshi, na abiria walikuwa wamejaa sifa kwamba leo dereva ameendesha taratibu.

Baada ya siku hiyo Mkuu wa Karakana alituita wote akatoa sheria. Haikubandikwa ukutani. Alisema tu, "Kuanzia leo, aliyefunga apande. Safari ya kwanza ya boksi, fundi anakaa mbele na dereva. Kama ni kufa, tutajua nani ameua nani."

Tulicheka, lakini tuliifuata. Na dereva wangu wa safari za kwanza, karibu mara zote, alikuwa Luka.

Luka alikuwa Mpogoro mnene, mwenye sauti ya kuongozea kwaya ya kanisani, na hakuwahi kumsifu fundi. Breki za trela zikiwa kali kupita mzigo, trela hushtuka kila ukikanyaga, linavuta, linaachia. Yeye aliita hiyo kwikwi.

"Fundi, trela lako lina kwikwi."

"Subiri nipunguze."

"Lipe maji ya kunywa kwanza."

Nilikuwa nazungusha kitufe huku tunatembea, kidogo kidogo, mpaka linyamaze. Ujuzi ndio huo, nao haumo kwenye karatasi inayokuja na boksi. Karatasi inakuambia uanzie katikati. Haijui kama umebeba mbegu, mapipa ya dizeli au trela tupu. Kila mzigo una mahali pake pa kitufe, na mahali hapo mnapatafuta wawili, mmoja kwa mguu na mwingine kwa vidole. Tukishapapata, Luka alikuwa na neno moja tu.

"Leo umebahatisha."

Siku moja karibu na Kisawasawa kundi la ng'ombe lilikatiza barabara mbele yetu, na trela lilikuwa limejaa mbolea. Luka alikanyaga. Trela lilikaa nyuma yetu kwa adabu, lote likasimama nasi. Mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe alikuja dirishani na fimbo yake.

"Wewe dereva, ng'ombe wangu hana breki. Breki ziko kwako!"

"Shikamoo, mzee. Ndiyo maana tumesimama."

"Marahaba. Mmesimama vizuri," yule mzee akasema, akaondoka.

Luka alinigeukia. "Umesikia? Umesifiwa na mtu ambaye hakujui. Mimi nakujua. Umebahatisha."

Miaka ilikwenda hivyo. Walibadilika mameneja wa usafirishaji, mmoja mkali, mmoja mpole, mmoja aliyependa mikutano. Nilipelekwa kituo cha mbegu, nikarudishwa karakana kuu, nikapewa kusimamia umeme wote wa magari. Mkuu wa Karakana alistaafu. Halafu nikastaafu mimi, na nafasi yangu akaishika Neema, fundi niliyefanya naye kazi mwishoni na ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Luka aliacha kuendesha kabla mimi sijastaafu. Figo zilimsumbua kwa muda mrefu. Nilikuwa nakwenda kumtazama, na kila mara alikuwa amepungua tena ndani ya shati lake.

Alipofariki, shamba lilitoa pikapu ya milango minne na trela. Nyuma ya pikapu palijaa mahema, masufuria na mchele wa msiba, kwa hiyo jeneza lilipangiwa trela, kwa vile ndilo lenye sakafu ndefu na turubai. Lakini pikapu ilikuwa mpya na haikuwa na boksi. Mteremko wa kwenda kwao naujua. Ama wangeburuta trela bila breki, ama wangefunga boksi haraka na kuliacha lilivyokuja, katikati, kwa mzigo usiojulikana. Nilifikiria Luka akishtuliwa na kwikwi kutoka Ifakara mpaka kaburini. Sikuweza kuvumilia hilo. Nilikwenda karakana nikamwomba Neema ruhusa ya kufunga mwenyewe.

"Funga, mzee," alisema. "Mimi nitakushikia testa."

Macho yangu si yale ya zamani, lakini waya mwekundu niliupata mara ya kwanza. Neema alikagua kila kiungo, nikafurahi alipokagua. Kisha ikabaki kutafuta mahali pa kitufe, na Luka alikuwa bado yuko kanisani kwenye ibada. Ilibidi tupakie kitu cha kukaribia uzito wake.

"Tuweke gunia mbili za mpunga?" Neema aliuliza.

Alipokuwa mzima ningesema mbili, na jeneza juu yake. "Weka moja," nilimwambia. "Alikuwa amekonda sana."

Neema alipakia gunia moja na mbao kidogo kwa ajili ya jeneza, tukazunguka uwanja mpaka trela likanyamaza.

Ibada ilipokwisha na jeneza kupakiwa, Meneja Usafirishaji wa sasa alinifuata kwa heshima. "Mzee, tunashukuru sana. Wewe utapanda lori pamoja na waombolezaji. Kwenye pikapu ni familia tu."

Nilisema sawa. Mimi si ndugu yake, na meneja hakuwa na kosa. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea kwenye lori.

"Bosi," Neema akaita, "basi pikapu haiondoki."

"Kwa nini tena?"

"Aliyefunga apande. Ndiyo sheria ya karakana hii."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa. Lakini tangu nimefika hapa sijaona boksi likitoka bila fundi wake."

Meneja alitazama pikapu, akanitazama mimi. Mke wa Luka, Mama Skola, alikuwa ameshakaa ndani. Alimgusa begani kaka yake aliyekaa kiti cha mbele. "Kaka, wewe nenda na lori. Shemeji akae hapo mbele."

Kaka alishuka, akanishikia mlango.

Tulivuka daraja, tukapita Lupiro, tukaanza kupanda. Dereva alikuwa makini. Njia nzima vidole vyangu vilikuwa kwenye kitufe. Barabara ikiwa ya udongo mgumu nilikiongeza kidogo, kwenye changarawe nilikipunguza. Baada ya Mahenge mjini, kwenye ule mteremko, nilimwambia dereva apunguze gia na aniachie trela. Nikalishika kwa kile kiwiko cha boksi, polepole, kwa ncha ya kidole. Liliteremka nyuma yetu kama halipo. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, kama tulivyokuwa tukisikiliza zamani, yeye kwa mguu, mimi kwa vidole.

Tulipofika, vijana wa kwao walifungua turubai. Shada la maua lilikuwa juu ya jeneza pale pale lilipowekwa Ifakara. Mama Skola alisimama akalitazama kwa muda, kisha akanigeukia, macho mekundu.

"Leo umebahatisha, fundi," akasema.

Nilikwenda kusimama upande wa pili wa trela mpaka nilipoweza kurudi kwa watu.

Kazi hii imenilisha na kunisomeshea watoto, na sina la kuilalamikia. Mikono yangu sasa inapalilia mboga. Wiki moja baada ya mazishi Neema alinipigia simu, akaniuliza kama aache kitufe mahali nilipokiacha. Nilimwambia hapana, akirudishe kwenye mzigo wa mpunga, kwa kuwa mavuno yalikuwa yameanza na trela lilikuwa linasubiriwa.